Umeambiwa upunguze chumvi? Anzia kwenye ndimu na ukwaju

Mgonjwa wa presha akitoka kliniki huwa amebeba vitu viwili: dawa na sentensi moja. Dawa zina maelezo. Imeandikwa ameze ngapi, saa ngapi, na lini arudi kuchukua nyingine. Sentensi haina maelezo yoyote. Inasema tu, "Punguza chumvi."

Akifika nyumbani, iwe Mbweni, Boko au Bunju, sentensi hiyo inamwangukia mtu ambaye hakuwapo kliniki, yaani anayepika. Huyo anaweza kuwa mke, binti, mkwe au dada wa kazi. Siku za kwanza anapika sufuria mbili, kubwa ya wote na ndogo ya mgonjwa. Mboga ya mgonjwa inachemshwa tu: haina chumvi, haina kitunguu, haina ndimu, kana kwamba viungo vyote vimeshtakiwa pamoja. Mzee anakula matonge matatu, anasukuma sahani. Wiki ya pili gesi inakwisha mapema na sufuria ndogo inaachwa. Au mpishi mwenye huruma anaacha chumvi kweli, halafu anatia kipande cha kiungo cha dukani "ili kiwe na ladha kidogo". Hili la mwisho ndilo linalotokea zaidi. Chumvi imerudi kwenye chungu, safari hii ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya rangi.

Makala ya leo ni ya huyo mpishi. Mgonjwa asiyekula anadhoofika. Anayeendelea na chumvi ileile anazipa dawa zake kazi ngumu, na mwisho wa njia hiyo unajulikana: kiharusi, moyo kuchoka, figo kufeli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Kwa hesabu hiyo ni nyumba chache ambazo haziguswi. Bahati nzuri ni kwamba jiko la pwani lina karibu kila kitu kinachohitajika ili chakula chenye chumvi kidogo kilike, na kilike na wote kutoka sufuria moja.

Chumvi haiivi

Kabla ya viungo, tuondoe jambo moja linalowaponza wengi. Wagonjwa wengi wameshika kwamba kibaya ni "chumvi mbichi", ile inayonyunyizwa mezani, na kwamba ikishapikwa ndani ya mboga haina neno. Ushauri wa kuondoa kikopo cha chumvi mezani ni mzuri, maana anayenyunyiza anaongeza juu ya iliyokwishawekwa. Lakini maana yake imepotoshwa njiani. Chumvi haiivi. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100, ilhali chumvi yenyewe huyeyuka kwa takriban nyuzi 801, joto ambalo hakuna jiko la mkaa wala la gesi litakalolifikisha ndani ya mchuzi. Watu wa ukanda wetu hawahitaji maabara kulithibitisha hili. Katika mashamba ya chumvi ya Kunduchi maji ya bahari hukauka juani na chumvi inabaki ileile. Ndivyo ilivyo kwenye sufuria: uliyotia saa sita mchana ndiyo inayoliwa, hata mchuzi ukichemka mpaka jioni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, si cha kilima. Ndani ya kijiko hicho imo chumvi yote ya siku nzima: ya mkate wa asubuhi, ya chapati, ya supu, ya bisi za jioni na ya mboga ya usiku. Ukiondoa ile inayokuja na vyakula vya kununua, mpishi anabaki na kama nusu kijiko kwa kila mtu mzima kwa siku. Nyumba nyingi zinatia hicho kwenye mlo mmoja.

Kuhusu chumvi ya mawe, na ile ya rangi ya waridi inayouzwa kwa bei ya ajabu kwenye maduka makubwa: kwa presha zote ni kitu kimoja, sodiamu na kloridi. Tofauti inayofaa kuangaliwa ni madini joto. Chagua chumvi iliyoandikwa kwenye mfuko kwamba imewekwa madini joto, kwa sababu yanalinda tezi ya shingo na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko, na uitie mwishoni mwa mapishi. Madini joto hupotea kwa joto na hewa. Kuitia mwishoni kuna faida ya pili: chumvi iliyo juu ya chakula hukutana na ulimi mapema kuliko ile iliyozama ndani ya nyama kwa saa nzima, hivyo kidogo kinatosha.

Iliyojificha

Ukitaka kujua chumvi imejificha wapi, chukua pakiti yoyote ya mchuzi mix au vile vipande vya kiungo vya kuvunja, usome orodha ya vilivyomo. Vitu hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Katika vipande vingi vya aina hii cha kwanza kuandikwa ni chumvi, na mara nyingi ni nusu ya uzito wote au zaidi. Kipande cha gramu 4 basi kinaweza kukupa gramu 2 za chumvi. Mpishi anayevunja vipande viwili kwenye maharage halafu akaongeza "chumvi kidogo tu" ametia chumvi mara mbili, naye anaamini ametia mara moja.

Kuna pakiti ambazo haziandiki chumvi, zinaandika sodiamu. Hapo fanya hesabu: zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Kiwango cha siku nzima ni sodiamu miligramu 2,000.

Soya sosi ndiyo inayoshangaza watu zaidi. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi ya kawaida kina takriban gramu 2 za chumvi, karibu nusu ya mgawo wa siku, na mtu anayekaanga wali au tambi hamimini kijiko kimoja. Tomato sosi ina chumvi ndogo zaidi, lakini kijiko cha chakula kina karibu kijiko cha chai cha sukari, jambo ambalo mwenye kisukari anapaswa kulijua anapozamisha chipsi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage, mlenda au kisamvu nayo yana sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, upike kwa maji mapya. Yataiva bila magadi.

Halafu ng'onda. Siwezi kumwambia mtu wa pwani aache ng'onda wa nazi, na sioni sababu ya kumwambia. Aloweke usiku, abadilishe maji mara mbili au tatu, achemshe kidogo na kumwaga maji hayo, kisha apike bila kuongeza hata chembe ya chumvi. Asifanye kuwa chakula cha kila siku. Dagaa waliotiwa chumvi wafanyiwe hivyohivyo.

Ladha ipo kwenye ukali, ukakasi na harufu

Chakula kisicho na chumvi kinachosha kwa sababu ulimi unakosa kitu cha kushika. Mpe kingine. Kitu kinachokaribia kazi ya chumvi kuliko vyote ni uchachu: ndimu, ukwaju, embe mbichi, siki, nyanya zenyewe. Vinaamsha mate, na chakula chenye chumvi kidogo kinaonekana kama kimekolea. Baada ya uchachu inafuata harufu ya viungo vilivyokaangwa, halafu moto wa pilipili. Mpishi akiwa na vitatu hivi, nusu ya chumvi ya zamani inatosha, na watu wasioambiwa hawatambui.

Anza na kitunguu. Uvivu mkubwa kwenye majiko yetu ni kukaanga kitunguu dakika mbili na kutia nyanya. Kipe dakika kumi na tano kwenye moto mdogo mpaka kiwe rangi ya kahawia, ndipo utie kitunguu saumu, tangawizi na nyanya, na nyanya nazo uziache zikauke mpaka mafuta yatengane. Hapo utapata ile ladha nzito ya nyama ambayo watu huitafuta kwenye vipande vya dukani. Si mazingaombwe. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aligundua kwamba ladha hiyo hutokana na kitu kiitwacho glutameti, akaanza kuifanya unga wa kuuzwa. Nyanya iliyoiva ina glutameti yake ya asili, dagaa na uyoga pia. Ukizipika nyanya mpaka zikauke unaikusanya bila kununua.

Viungo vikavu navyo vina namna yake. Binzari nyembamba, mbegu za giligilani na pilipili manga vikaangwe vikiwa vizima kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka harufu itoke, kama dakika mbili, halafu vitwangwe. Twanga kidogo, cha wiki moja. Unga uliokaa kabatini tangu Ramadhani iliyopita hauna kazi tena, na mpishi asiyeipata harufu hurudi kwenye chumvi. Masala ya pilau ya kutwanga mwenyewe, yaani binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, hayana chumvi kabisa. Ya pakiti soma kwanza, mengine yametiwa.

Sasa samaki, maana tuko Mbweni. Changu, kibua au tasi mbichi anakuja na utamu wake. Mkate mistari, umpake ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, manjano kidogo na pilipili manga, umwache nusu saa. Usimpake chumvi. Mchome kwenye mkaa au mkaange kwa mafuta machache. Moshi wa mkaa nao ni kiungo. Mchuzi wake upike pembeni kwa kitunguu na nyanya kama nilivyoeleza, tia tui la pili, yaani lile jepesi, kisha maji ya ukwaju, pilipili mbuzi nzima isiyopasuka na majani ya giligilani. Karibu na kuepua tia tui zito kidogo na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa watu watano. Onja baada ya ukwaju kuingia, si kabla. Wapishi wengi huonja mapema, wakaona kumepooza, wakaongeza chumvi, halafu ukwaju ukija mchuzi unakuwa mkali kupita kiasi.

Tui lina mafuta mazito. Mwenye lehemu nyingi kwenye damu abaki na tui jepesi, na lisiwe la kila siku.

Kachumbari ya ukwaju, au pilipili ya ukwaju kama wengine wanavyoiita, ni chupa ambayo ningependa kila nyumba yenye mgonjwa wa presha iwe nayo. Loweka ukwaju wa kiasi cha ngumi ya mtoto kwenye vikombe viwili vya maji ya moto kwa nusu saa, uvuruge kwa mkono safi na kuchuja. Bandika jikoni pamoja na punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba iliyokaangwa, pilipili kadiri mnavyoweza na tende mbili zilizotolewa kokwa. Chemsha mpaka iwe nzito kama uji mwepesi. Mwenye kisukari aache tende, atie karoti iliyokwaruzwa. Inafaa kwenye mihogo, kachori, nyama ya kuchoma, hata kwenye maharage yaliyopooza. Kwa kuwa haina chumvi haidumu: iweke kwenye chupa iliyochemshwa na kukaushwa, ndani ya friji, na uimalize ndani ya wiki moja. Achari ya embe hukaa miezi kwa sababu chumvi na mafuta ndivyo vinavyoilinda, na kwa sababu hiyohiyo mgonjwa wa presha aionje kwa ncha ya kijiko tu.

Chatini ya nazi ni rahisi zaidi. Nazi iliyokunwa, ndimu, kitunguu saumu, pilipili mbichi na majani mengi ya giligilani, visagwe pamoja kwenye blenda au kinu. Kijiko kimoja pembeni ya wali kinabadilisha sahani nzima. Iliwe siku hiyohiyo, nazi huchacha haraka kwa joto la Dar es Salaam.

Na kachumbari. Wengi husugua kitunguu kwa chumvi ili kuondoa ukali. Mkisuuza vizuri kwa maji mengi, chumvi nyingi inaondoka, lakini kukiloweka kwenye maji yenye siki kwa dakika kumi kunafanya kazi ileile. Ndimu nyingi, pilipili, tango, basi. Nyanya zioshwe kwa maji yanayotiririka yaliyo salama, na kachumbari iliwe ikiwa mbichi, si ile iliyokaa juani tangu mchana. Wakazi wa Kinondoni hawajasahau kipindupindu cha Agosti 2015, kilichoanzia huku kwetu kabla ya kusambaa mikoani. Ndimu ni kiungo kizuri lakini haichukui nafasi ya maji safi.

Kitu cha mwisho kwa mpishi: chumvi iwe kwenye chungu kimoja tu cha mlo. Ugali wetu hauna chumvi na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu mboga inaubeba. Wali unaweza kufanyiwa hivyo. Ukipika wali wa nazi na mchuzi, chumvi iende kwenye mchuzi, wali ubaki na harufu ya tui na iliki mbili. Kama mchuzi umetiwa, kachumbari isitiwe.

Usipunguze yote siku moja. Ulimi huzoea taratibu. Punguza robo, kaa wiki mbili, punguza tena. Watu wengi baada ya miezi miwili au mitatu huona chakula cha zamani kina chumvi mno, na hapo ndipo mgonjwa mwenyewe anakuwa mlinzi wa sufuria. Kama inawezekana, siku ya kliniki anayepika aende pamoja na mgonjwa. Dakika tano za muuguzi na mpishi zina thamani kuliko karatasi yoyote ya maelezo.

Chumvi mbadala

Siku hizi kuna chumvi zinazoitwa za wagonjwa wa presha, ambamo sehemu ya sodiamu imeondolewa na potasiamu imewekwa badala yake. Zina ushahidi wa kutosha. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 600 vya China, ukiwahusisha karibu watu 21,000 ambao wengi wao walikuwa wamewahi kupata kiharusi. Waliopewa chumvi yenye robo ya potasiamu walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14 kuliko waliobaki na chumvi ya kawaida. Mabadiliko hayo yote yalikuwa ndani ya kikopo cha jikoni.

Lakini usikinunue kikopo hicho kabla ya kumuuliza daktari. Figo zisizofanya kazi vizuri haziwezi kuitoa potasiamu, inajaa kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Baadhi ya dawa za presha nazo huzuia potasiamu isitoke, zikiwamo enalapril, losartan na spironolactone, ambazo hutumiwa na wagonjwa wengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2025 unaizungumzia chumvi hii kwa watu wazima wa kawaida, na unawaacha nje watoto, wajawazito na wenye matatizo ya figo.

Sahani ya mtoto

Wazazi wengi huonja uji au mboga ya mtoto kwa ulimi wao, wakaona haina kitu, wakatia chumvi. Mtoto hana kumbukumbu ya chumvi. Kwake viazi vitamu, boga na ndizi vina ladha kamili. Kuanzia miezi sita, anapoanza chakula cha nyongeza pamoja na maziwa ya mama, hadi afike mwaka mmoja, hahitaji chumvi wala sukari ya kuongezwa, na asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyomlegeza misuli mpaka ya kupumua. Hata baada ya mwaka, chumvi yake iwe kidogo sana. Figo zake bado changa.

Njia iliyo rahisi ni kuchota sehemu ya mtoto kabla chumvi na pilipili havijaingia kwenye chungu. Hapo ndipo kutia chumvi mwishoni kunapomsaidia mama. Mpe harufu: kitunguu kilichokaangwa, tangawizi kidogo, giligilani, iliki kwenye uji, tui jepesi kwenye boga. Anayezizoea harufu hizi mapema huwa hasumbui mboga za majani akikua.

Wakubwa kidogo wana yao. Tambi za kuiva dakika mbili huja na kijipakiti cha kiungo, na sehemu kubwa ya chumvi ya pakiti imo humo. Tumia robo ya kijipakiti, au kitupe kabisa, ukaange kitunguu, karoti na yai badala yake. Nje ya geti la shule kuna embe mbichi ya chumvi na pilipili. Mtoto aombe pilipili peke yake na ndimu. Atalalamika siku mbili tatu.

Wenye masharti mengine

Mgonjwa wa figo asifuate makala hii bila kuzungumza na mtaalamu wa lishe wa kliniki yake. Ukwaju, nyanya nyingi na tui ni vizuri kwa mwenye presha, lakini vina potasiamu, ambayo yeye huenda amewekewa kikomo. Mbirimbi, ambazo huku pwani tunazitia kwenye mchuzi, azikwepe kabisa: zina oksaleti nyingi, na huko Kerala, India, wako watu waliokunywa juisi yake wakaishia kufeli figo ghafla. Kwa mtu mwenye figo nzima, mbirimbi mbili tatu kwenye chungu cha familia ni jambo jingine. Juisi yake asinywe mtu yeyote.

Mwenye vidonda vya tumbo hakuvipata kwa pilipili, ingawa ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vingi husababishwa na bakteria, na bakteria huyo ana dawa. Dawa za maumivu zinazomezwa ovyo ni sababu nyingine kubwa. Hata hivyo pilipili na ndimu vinaweza kumchoma ambaye tayari ana kidonda au kiungulia. Huyo ategemee binzari nyembamba, giligilani, mdalasini na kitunguu kilichoiva sana, aache ukali mpaka apone.

Neno moja kuhusu kitunguu saumu na tangawizi, kwa sababu kila wiki kuna ujumbe wa simu unaozunguka ukisema vinatibu presha. Punje nne kwenye mchuzi ni chakula kizuri. Hazichukui nafasi ya amlodipine, na anayeacha vidonge ili anywe maji ya kitunguu saumu na ndimu anaweza kukaa wiki kadhaa akijisikia vizuri, maana presha haiumi, hadi siku mkono wa upande mmoja unapokataa kuinuka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asinywe vikombe vya kitunguu saumu bila kumwambia daktari wake.

Kinyume chake pia hutokea. Chumvi ikipungua kweli nyumbani, presha inaweza kushuka ndani ya wiki chache, na dozi iliyokuwa sawa mwezi uliopita ikawa kubwa. Dalili yake ni kizunguzungu unaposimama kutoka kitandani au kwenye mkeka. Ukiona hivyo, usiache dawa na usirudishe chumvi kwenye chungu. Pima presha asubuhi na jioni kwa siku chache, andika namba hizo, uzipeleke kliniki ili wao ndio wapunguze dozi. Mtu akizirai, au akianguka, asisubiri siku chache: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.